Kikapu Kilichobeba Mawe

Wiki iliyopita paa la karakana yangu lilivuja. Karakana ipo Igogo, chumba kimoja chenye mlango wa bati, na kazi yangu ni kusuka mota: za mashine za kusaga, za pampu, za feni, chochote chenye waya wa shaba ulioungua. Kazi hii sikuisomea darasani. Nilijifunza kwa kufumua mota mbovu waya kwa waya na kukumbuka kila mzunguko ulikopita, na namna hiyo ya kufumua nilifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kusuka mota hata moja.

Maji yaliangukia kwenye kona ninakoweka mabaki ya shaba. Mabaki hayo hukaa ndani ya kikapu cha zamani cha ukindu. Asubuhi nilipofungua mlango, kabla sijaliona dimbwi, nilisikia harufu. Ukindu mkavu ukilowa una harufu yake: majani yaliyonyeshewa juani, na kwa mbali chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Nilisimama na ufunguo mkononi. Kwa muda ule nilikuwa mtoto niliyeketi ndani ya kikapu hichohicho, magoti yamegusa kidevu, nimevaa koti la mtumba, nikingoja kuona kama nitabebeka.

Watu wa rika langu wanaikumbuka miaka ile kwa mambo mengi. Wapo wanaokumbuka maduka yaliyojaa ghafla sabuni za kila rangi. Wapo wanaokumbuka marobota ya mitumba yakifunguliwa sokoni na watu wakiyavamia. Nyumbani kwetu tuliikumbuka kama miaka ambayo baba alipunguzwa kazi. Alikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa kufunga marobota. Mashine iliikandamiza pamba hadi ikawa ngumu kama ukuta, na yeye na wenzake waliizungushia mikanda na kuifunga kabla haijapata nafasi ya kutanuka. Alikuwa na fundo lake, ambalo aliweza kulifunga akiwa anatazama pembeni. Siku moja alirudi mchana akiwa amebeba viatu vyake vya kazini mkononi, na baada ya wiki chache tukaacha chumba chetu cha kupanga pale Igogo, tukavuka ziwa kurudi kijijini kwao, ng'ambo ya Busisi.

Siku ya kuvuka niliona jambo ambalo lilikaa kichwani mwangu. Lori lililojaa magunia lilisogea hadi mdomoni mwa kivuko. Mtu mwenye filimbi akalizunguka, akayatazama matairi yalivyobonyea, akapunga mkono: rudi. Dereva alishuka akabembeleza, akaapa, akacheka, akakasirika. Yule wa filimbi akasema tu, "Zito. Halivuki." Lori likarudi nyuma, sisi na vitanda vyetu juu ya pikapu tukapita. Nikajifunza sheria: kilicho kizito mno hakivuki maji.

Kijijini kwetu wanawake walikuwa wanaishi kwa shamba na kwa pori pia. Kiangazi walipanda kwenye vilima vya mawe kuchuma ukwaju. Mvua za kwanza zikinyesha walifuata uyoga kwenye vichuguu, na mlenda wa porini, na kumbikumbi walipotoka. Huko kote walikwenda na vikapu vipana vyenye mishikio miwili. Wakipanda mwamba, mmoja hutangulia juu na mwingine humpandishia kikapu kutoka chini. Mshikio ukikatika, ukwaju wa siku nzima unamwagika kwenye nyufa ambazo mkono haufiki.

Msukaji wa vikapu hivyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba, naye alifariki kabla hatujarudi. Hakuacha mwanafunzi. Wanawake wakahamia kwenye ndoo za plastiki na mifuko ya nailoni iliyokuwa imeanza kuenea kila gulio. Ndoo zilipasuka kwenye mawe. Nailoni ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu uyoga ukifungiwa humo unatoa jasho. Unauchuma asubuhi ukiwa mweupe na mkavu, mchana ukifungua mfuko unakuta ute na harufu ya kitambaa kilicholowa siku mbili. Nakumbuka Mama Shija, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akimwaga mfuko mzima jalalani na kusema, "Hii nailoni imenilia uyoga wangu!"

Baba alikuwa anamtazama. Kesho yake alishusha kikapu cha mwisho cha marehemu mama yake kutoka kwenye dari, akaketi kizingitini, akaanza kukifumua.

Mama alipiga kelele. "Baba Masanja! Kumbukumbu ya mama yako unaichana?"

"Siichani," baba alisema. "Naisoma."

Alifumua kuanzia ukingo kwenda chini, msuko mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika mahali asipopaelewa alisimama, akarudisha nyuma, akafumua tena. Mimi nilikaa karibu yake nikishika mwisho wa ukili usijikunje. Hakunieleza kitu. Mara mojamoja aliuliza, kama anayemuuliza mtu wa tatu, "Hapa alipita juu au chini?" Nikijibu, alitazama tena na kuhakikisha. Alipofika kitovuni, pale kikapu kilipoanzia, nyumba ilikuwa imejaa nyuzi za ukindu, na baba alikuwa anajua kila mahali mikono ya mama yake ilikopita.

Kusuka lilikuwa jambo moja, kukubaliwa lilikuwa jingine. Pale kwetu palikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine, na nimeuliza. Kikapu kipya cha porini hakiendi porini kabla hakijabeba mtoto. Mtoto huketishwa ndani, wanawake wawili wanashika mishikio, wanakwenda naye kutoka mlangoni hadi juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, na kumrudisha. Husemwa kwamba kikapu kisichobeba mtu hakijui kubeba chakula. Kikipita, mwenye kukitaka anakichukua, na mzigo wa kwanza atakaouleta nacho unarudi kwa aliyekisuka. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo. Kikishindwa, msukaji anabaki nacho na kicheko.

Kikapu cha kwanza cha baba kilimbeba kaka yangu Masanja, kabla mvua hazijakolea. Hakikufika hata kwenye mwamba. Mshikio mmoja uling'oka ukingoni ukatoka na kipande cha msuko, Masanja akaangukia makalio, na uwanja mzima ukacheka.

"Shemeji," Mama Shija alisema akijifuta machozi, "rudi kwenye mashine zako. Mashine haina makalio."

"Mashine zimenirudisha kwenu," baba akamjibu.

Alicheka pamoja nao. Lakini niliona, alipokiokota kile kikapu, alivyoutia mkono kwenye tundu na kulipima kwa vidole, kama daktari. Masanja naye aliapa kwamba hatapanda tena, hata akipewa sukari.

Siku zilezile ujumbe ulikuja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na mgahawa karibu na bandari, wala hakuwa na mtoto wa kike. Alisema apewe mimi: nitasoma, nitakula, nitamsaidia. Leo ninaweza kusema kwamba lilikuwa jambo la wema. Baba na mama walikuwa wakilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na jioni nyingine ugali ulikuja na maji ya chumvi. Nyumba nyingi zilifanya hivyo miaka ile. Watoto waligawanywa kwa ndugu, na wengi walilelewa vizuri.

Mimi sikulijua jambo hilo hadi nilipolisikia nyuma ya nyumba. Mama alikuwa anapepeta mtama, baba analoweka ukindu katika pipa lililokatwa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nachezea kokoto.

"Wifi anasubiri jibu," mama alisema.

"Nimesikia."

"Akienda atashiba. Hapa mimi nampa nini?"

Nilisikia maji yakitikisika pipani. "Ngoja kwanza wakibebe hiki," baba akasema. "Jumamosi Mama Shija anakuja na mwenzake."

"Utamweka nani ndani? Masanja kakataa."

"Kabula."

Kabula ni mimi. Nilikuwa sijaanza shule. Mambo mawili yalikuwa yamesemwa kwa wakati mmoja, safari ya Nansio na mimi ndani ya kikapu kinachobebwa na wanawake wawili, na akili yangu ikayafunga pamoja bila shida yoyote. Kuku walikwenda Nansio katika vikapu. Samaki, mihogo, nyanya, vyote vilikwenda katika vikapu. Nikaelewa kwamba baba alikuwa ananisukia chombo cha kunisafirishia. Ndiyo maana alikuwa anakisuka kwa uangalifu mkubwa kuliko kile cha Masanja.

Na kweli alikisuka kwa uangalifu. Alikuwa ametafakari kilichomwangusha Masanja. Bibi alishonea mishikio ukingoni kwa namna ambayo mikono ya baba haikuweza kuiiga; kufumua kulimwonyesha njia ya uzi, hakukumwonyesha nguvu ya kukaza. Basi akaacha kuiga. Alichukua kamba ya katani, akaipitisha kutoka mshikio mmoja, ubavuni, chini ya kitako, ubavu wa pili, hadi mshikio mwingine, kisha akairudisha sambamba, na kuifunga kwa fundo lile la kiwandani. Mzigo sasa ungeikalia kamba yenyewe, ukingo ungeongoza tu. Mama alikizunguka akakitazama.

"Umekifunga kama robota."

"Robota halijawahi kunimwagikia," baba alisema.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Sheria ya kivuko niliijua. Asubuhi ya Jumamosi kulikuwa na manyunyu na upepo wa ziwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa nilipovaa koti. Lilikuwa koti la mtumba la mtu mzima mfupi, zito, lenye mifuko mikubwa nje na mingine ndani, na lilinifika chini ya magoti. Nilikwenda nyuma ya jiko nikajaza mifuko mawe. Nilichagua ya mviringo yasichome. Mifuko ya nje ilipojaa nikajaza ya ndani. Mwisho nikaona jiwe la mama la mkononi, lile la kusagia ulezi, jeusi na laini kama mgongo wa kambale, nikalisukumia kifuani na kufunga kifungo juu yake. Nilitembea hadi uwanjani polepole sana, kama bibi harusi.

Mama Shija alikuja na Minza, mke mgeni pale kijijini, msichana mrefu asiyesema sana. Wanawake wengine walikuja kutazama. Kicheko cha kuanguka kwa Masanja kilikuwa bado hakijawaishia. Mama alikuwa anazunguka ndani na nje akiuliza nani kaliona jiwe lake la kusagia. Niliwaamkia wageni, wakaitikia marahaba, kisha baba akataka kuninyanyua kuniweka kikapuni. Nilimkwepa, nikaingia mwenyewe. Sikutaka ajue uzito wangu kabla ya mtu wa filimbi.

Wakashika mishikio. Wakainua.

"Mayu wane!" Mama Shija aliguna, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Shemeji, mtoto huyu unamlisha nini? Na sisi tunaambiwa kwenu hakuna chakula!"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alitazama chini akakung'uta kitu kwenye kanga yake ambacho hakikuwepo.

Kikapu kililia. Ukindu mpya ukibebeshwa unalia, mlio mwembamba kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Niliusikia mgongoni na chini ya mapaja. Nilikuwa nangoja waseme neno moja tu: zito. Lakini walitembea. Walipita jiko, wakapita banda la mbuzi, wakaanza kupanda mwamba. Juu wakanitua, wote wawili wakihema.

"Inatosha," Minza alisema. "Tumteremshe hapahapa, atembee."

"Desturi ni kwenda na kurudi," baba alisema kutoka chini. Mikono alikuwa ameifunga nyuma. Sijui kama alijua kwamba hakuna kikapu cha mama yake kilichowahi kubebeshwa mzigo wa namna ile. Alikuwa anaona tu wanawake wawili wenye nguvu wanachoka, na kikapu chake kimeshika.

Mwamba ulikuwa umelowa. Wakati wa kushuka Minza aliteleza, akaachia mshikio ili ajizuie kwa mikono. Kikapu kikapinda upande, na kwa kitambo kifupi mzigo wote, mimi na mawe na koti, ulining'inia kwenye mkono mmoja wa Mama Shija na kwenye kamba ya baba. Nilisikia fundo likikaza. Halikuteleza. Kamba iliuma kitako cha kikapu na kunishika chini kama kiganja. Minza akasimama, akashika tena, wakafika mlangoni na kunitua.

Nilijaribu kusimama nikashindwa. Nilipojaribu mara ya pili mshono wa mfuko ulikubali, na mawe yakaanza kumiminika miguuni kwa wanawake. Mama Shija akaniinamia, akafungua kifungo cha koti.

"Jiwe langu!" mama akapiga ukelele.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Minza, ambaye hakuwa msemaji, aliketi chini kabisa kwenye tope. Mama Shija alitoa mawe mifukoni mojamoja akiwaonyesha watu, kama mfanyabiashara wa gulioni. Alipofika la mwisho alichuchumaa mbele yangu.

"Mayu, haya yote ya nini?"

"Ili kivuko kikatae."

"Kikatae nini?"

"Mimi. Kikatae kunivusha Nansio."

Kicheko kilikatika. Mama aliketi kizingitini, jiwe la kusagia mapajani, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Baba alipiga goti, akaanza kuokota mawe na kuyarudisha ndani ya kikapu, bila kumtazama mtu. Alipomaliza alikivuta ukingo huku na huku, akatia mkono chini akalipapasa fundo.

"Limeshika," akasema.

Mama Shija ndiye aliyesimama. "Basi sikilizeni. Hiki nakichukua mimi leo, na mtu asinisukume. Shemeji, katafute ukindu mwingine, maana hawa walio nyuma yangu nawajua, kesho watakuwa mlangoni kwako." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mwambie wifi yako afuge kuku. Mtoto huyu hafugiki."

Mzigo wa kwanza ulifika kesho yake kabla jua halijawa kali, uyoga mkubwa wa kichuguu, mkavu na mweupe, umepangwa vichwa chini. Mama aliupika kwa karanga. Tulikula hadi Masanja akajilaza. Baada ya hapo Minza alitaka cha kwake, akafuata mwingine na mwingine, na kila kikapu kilileta mzigo wake wa kwanza. Wengine waliongeza mahindi au dagaa, maana walijua ukindu haukatwi kwa uyoga peke yake. Sisemi kwamba tulitajirika. Nasema kwamba mvua zile hatukula ugali kwa maji ya chumvi, na kwamba jina la baba pale kijijini, ambalo lilikuwa mtu aliyepunguzwa, lilibadilika likawa fundi.

Shangazi alikuja mwenyewe mvua zilipopungua, na gauni jipya la kipimo changu. Alikaa siku chache. Aliona uyoga umeanikwa juu ya bati, ukwaju kwenye mtungi, na wanawake wakija kumwamkia kaka yake kwa heshima. Siku ya kuondoka alimwambia mama, "Nilikuja kuchukua mtoto."

"Mtoto ana mawe mfukoni, wifi," mama alisema. "Hutamweza."

Shangazi alicheka, kisha akanivalisha lile gauni. Baba alimpa kikapu kipya. Tulimsindikiza hadi kivukoni, na nilisimama upande wetu wa maji nikakitazama kikapu kikivuka juu ya kichwa chake, chepesi, bila mtu wa filimbi kusema neno.

Kwa miaka mingi nilijicheka kwa kosa lile. Nilipokua mama aliniambia kwamba jibu la kunipeleka lilikuwa tayari. Lilikuwa linangoja Jumamosi tu. Nilikosea kuhusu kikapu, lakini kuhusu safari sikukosea. Na kikapu nilichodhani kimesukwa kunipeleka ndicho kilichonibakiza nyumbani.

Baba alipofariki, Mama Shija alikuja matangani akitembelea fimbo, na mjukuu wake nyuma yake amebeba kikapu kile, kimejaa uyoga mkavu. Msuko wa pembeni ulikuwa umeshonwa upya mara nyingi. Kamba na fundo vilikuwa vilevile. "Mwenye mzigo ni wewe," aliniambia. Nikakileta Igogo, nikaweka humo shaba.

Mota ninayoisuka simrudishii mwenyewe kabla sijaibebesha zaidi ya kazi yake. Vijana wa karakana za jirani wanasema napoteza umeme. Naendelea kuibebesha.

Jana kikapu kilikuwa kimekauka. Nilirudisha shaba yote, kisha nikamwita mama ntilie wa mlango wa pili anisaidie kukihamisha kwenye kona isiyovuja. Alishika mshikio mmoja, nikashika mwingine, tukainua. Kikalia mlio uleule mwembamba, kikabeba.

"Dada," alisema akihema, "humu umeweka nini, mawe?"

"Leo ni shaba," nikamwambia.